Nilivyomlilia Madamu Mwanahawa Akiwa Hai

Niungame kwanza, ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaorithi pazia letu: siku yangu ya kwanza kazini nilimlilia mwalimu aliye hai. Madamu Mwanahawa, mwigizaji wa filamu aliyeziacha kamera za Dar es Salaam aje kutufundisha maigizo hapa Tabora, alikuwa ndiyo kwanza anatambulishwa mstarini. Filamu yake ya mwisho sote tuliiona. Anakufa kwa sumu. Basi nikatoka mstarini, nikajibwaga chini: "Uwii, mtani wangu! Juzi tumekuzika, pilau tumekula, leo umerudi kudai sahani?"

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani walipita kwao, na utani ukabaki hadi leo. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani. Lakini mstarini si msibani. Mwalimu wa nidhamu alishakunja mkono wa shati.

"Mwache," Madamu akasema. "Marehemu ni mimi, nitamhukumu mwenyewe. Wewe mbeba mizigo, kilio chako kimeishia safu ya pili. Wa nyuma wameona kambare anatafuta hewa tu. Saa tisa uje ukumbini."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Cheo: mnong'onezaji, yaani mtu anayekaa nyuma ya pazia na daftari la mchezo, mwigizaji akisahau, anamtupia maneno kwa sauti ya kumfikia yeye tu. Kazi ya heshima, haina makofi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nusu ghala. Mkuu wa shule hakuzunguka: "Nawapa siku ya wazazi. Wageni wakiondoka kabla ya mwisho, mahindi ya shamba letu la Ntalikwa yanaingia humu, na klabu yenu ya maigizo ndiyo basi."

Shida ikawa Madamu mwenyewe. Kwenye filamu kamera inakufuata hadi kwenye kope. Ukilia, chozi moja linatosha. Jukwaani chozi lile tuliliona watatu wa mbele. Alijua. Kila jioni alisimama goli moja la uwanja wa mpira, mimi goli la pili, akasema sentensi yake; nikiisikia nanyoosha mkono. Wiki ya kwanza mkono wangu ulipumzika sana.

"Mtani, umelala?" alinijia akihema.

"Nayasubiri maneno yafike, Madamu. Labda yamepitia Nzega."

Alicheka, akarudi golini. Sauti ikamkauka, akanywa maji, akaanza upya. Hata siku moja hakutukumbusha kwamba aliwahi kuwa nyota.

Siku ya wazazi tuliigiza msafara wa wapagazi, Madamu akiwa mama anayemzuia mwanawe asiende pwani. Kufika katikati, mvua ikalishukia bati. Kulwa, mpagazi wetu mkuu, akasahau kila kitu, na mnong'ono wangu ukazama. Wazazi wa nyuma wakaanza kuangalia mlango. Mkuu wa shule akaangalia saa.

Madamu akashuka jukwaani, akaenda hadi benchi la mwisho, akapaza ile sauti ya golini: "Wapagazi! Mizigo juu! Mabenchi yote mbele, safari imeanza!"

Ngoma ya msafara ikamdaka. Watu wakatazamana. Kisha mama yangu, ambaye kwake maigizo ni uvivu uliovaa kanga, akajitwika benchi kichwani na kuanza kuimba. Ukumbi mzima ukamfuata. Wakakaa nusu duara, magoti yanagusa jukwaa, nami nikaongeza sauti nyuma ya pazia hadi Kulwa akanipata; mvua ikanyesha hadi ikachoka, hakuna aliyetoka. Mkuu wa shule alisema tu, "Mahindi nitayatafutia pa kulala."

Sasa nastaafu, mtihani wa kidato cha nne unaniita na vitabu vyangu bado vipya. Ninachowaachia ni hiki: mvua ikishuka katikati ya mchezo, msikae kuisubiri iishe. Sogezeni watu.

Siku ile nilirudi nyumbani na mama. Tulipofika mlangoni akasema: "Mwaka mzima unachelewa kuchota maji, leo nimekutafuta jukwaani hadi macho yakaniuma, kumbe uko nyuma ya pazia. Ila nilipokaa pale mbele, maneno ya yule Kulwa yote niliyasikia kwako kwanza. Kesho maji nitachota mimi."