Barabara Iliyokatwa kama Sare ya Shule

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, Godelive Nsimire, fundi cherehani wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alichaguliwa kuwa mpimaji wa Kamati ya Wakazi wa Barabara Kubwa. Alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, mwenyewe akiwa hayupo. Alikuwa nyumbani akitia zipu kwenye sketi. Habari aliletewa na Vénérande, jirani yake Mrundi, ambaye hukaanga mandazi kwenye kivuli cha baraza la Godelive.

"Bamekuweka mupimaji," Vénérande alisema.

"Mupimaji wa nini?"

"Wa barabara."

"Mi napima bantu."

"Njo vile bamesema. Kama alipima bantu bote na hakutangaza tumbo ya mutu, atapima na barabara."

Hoja ilikuwa na uzito. Tangu afike kambini mwaka 2011, Godelive amezungusha futi yake ya kitambaa viunoni mwa wachungaji, wanakwaya, mabibi harusi, na watu wawili waliokuwa na kesi ya kiwanja kati yao. Hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwake kiuno cha mwenzake. Dzaleka habari ya mtu hufika nyumbani kwake kabla yake, na tabia kama hiyo huhesabiwa kuwa elimu.

Alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akajifunza kushona kwenye kituo cha akina mama cha parokia, na akaingia Malawi na mkasi peke yake. Cherehani aliinunua miaka miwili baadaye sokoni Lilongwe. Ilimalizia safari juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, huku mwendeshaji akiuliza kila penye mlima kama mama huyu hakuweza kujifunza kusuka nywele.

Nyumba yake ni ya matofali ya udongo na inatazama barabara. Chumba cha mbele kina dirisha moja, kubwa kiasi cha sinia. Kwa hiyo mwaka ule ule alisimamisha nguzo nne mbele ya mlango, akaezeka mabati, na akaiweka cherehani nje. Tangu hapo hakuna aliyemwona akishona ndani. Uzi mweusi juu ya kitambaa cha buluu hauonekani chumbani hata saa sita mchana, na sare za shule za Dzaleka ni za buluu.

Kamati ilizaliwa kwa sababu ya mitaro. Kila msimu wa mvua Barabara Kubwa hugeuka mto. Mwaka mmoja ilichukua kapu la nyanya pamoja na mwenye nyanya, ambaye alipatikana mbele ya kinyozi, salama, bila nyanya. Hatimaye shirika moja likakubali kujenga mitaro ya mawe pande zote mbili kabla ya mvua za Novemba. Ramani ililetwa kutoka Lilongwe. Ilikuwa na mstari ulionyooka. Barabara yenyewe haijanyooka, kwa hiyo mstari ulipita katikati ya mabaraza yote ya upande wa mashariki na haukugusa hata moja la magharibi. Watu wa mashariki wakafanya mkutano wa kupinga. Watu wa magharibi wakafanya mkutano wa kushukuru.

Aliyewakalisha pamoja ni Télesphore Havyarimana, mwenye duka. Télesphore alifanya biashara Kawale, Lilongwe, kwa miaka mingi, na huko alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wa mtaa wake. Mwaka 2023, wakimbizi wa mjini walipoamriwa kurudi kambini, alirudi na friji na uzoefu. Friji bado haijapata umeme wa kuitosha.

Kamati waliyounda, yeye akiwa mwenyekiti, haikuandamana. Ilimwalika mhandisi wa mradi, Bwana Mbewe, Mmalawi wa maneno machache, ikamtembeza barabara yote kwa miguu wakati wa jua kali, na ikamwonyesha alama za maji kwenye kuta. Mwisho wa barabara ikampa kiti na Fanta. Bwana Mbewe alipomaliza Fanta, mstari ulionyooka ulikuwa umekufa. Alikubali kuweka nukta nyeupe za chokaa katikati ya njia, zifuate kona za kweli. Vigingi vya mitaro wakazi wangevipiga wenyewe, umbali ule ule kila upande wa nukta. Kati ya mtaro na mtaro iwe mita nane.

"Ikizidi si tatizo," alisema. "Ikipungua ni tatizo."

Kisha akarudi Lilongwe, na futi yake ndefu ikarudi naye.

Kamati ikaamua kutumia kamba. Kamba ilitoka dukani kwa Télesphore, jambo ambalo peke yake lilitosha kuitilia shaka, kwa hiyo akapewa Godelive aikate. Aliikata kwenye baraza lake, kwa futi yake ya kitambaa, mchana mmoja kati ya sare mbili. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na alikuwa na sare mpaka kitandani. Katikati ya kamba akafunga uzi mwekundu, ili ukae juu ya nukta ya chokaa. Kigingi kingepigwa pale ncha inapofika.

Jumamosi iliyofuata walipima. Ncha moja aliishika Lévi, kiongozi wa vijana wa kabaza, na ya pili mwenzake. Godelive alitembea na uzi mwekundu. Kila nyumba ilikuwa na la kusema. Kamba ilikula bustani ya maua ya kanisa, benchi la kabaza, ngazi ya saruji ya Télesphore, na banda la sungura ambalo kila mtu alilikana. Penye bustani ya maua peke yake walisimama mpaka chai ikaletwa.

Walipofika kwa Godelive, ncha ya Lévi ilipita nguzo za mbele na kuingia ndani ya baraza.

Lévi aliitazama kamba, kisha akamtazama mwenye kamba.

"Mama Godé, tuvute tena?"

"Vuta."

Walivuta tena. Ilifika pale pale.

"Piga," Godelive alisema.

Lévi akakipiga kigingi kwenye sakafu ya udongo, karibu na mguu wa cherehani. Baada ya hapo hakuna nyumba iliyobishana. Mwanamke wa nyumba iliyofuata, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametangaza kwamba atalala juu ya mstari, alisogeza kuku wake na kusema, "Kama inamukata yeye, mi njo nani?" Kazi iliyobaki ikaisha kabla ya chakula.

Kesho yake baada ya ibada, Télesphore aliazima nyundo na kuvunja ngazi yake mbele ya watu, ili kutoa mfano. Mfano ulifuatwa. Ndani ya wiki hiyo kila kilichokuwa ndani ya vigingi kilikuwa kimeondoka, isipokuwa nguzo za Godelive. Yeye aliomba amalize sare kwanza, na hakuna mzazi aliyepinga.

Alhamisi Vénérande alikuwa amekaa akingoja mafuta yapate moto. Hakuwa na la kufanya, akaangalia mikono ya rafiki yake. Godelive alipima kitambaa, futi ilipokwisha akaacha vidole viwili, akapima tena, akaacha vidole viwili tena. Chini akaacha kiganja kizima.

"Godé, ile vidole unaachaka pale njo ya nini?"

"Ya mushono."

"Na kiganja?"

"Ya pindo. Mutoto atakua, mama yake ataifungua."

Ni kweli. Sare ya Dzaleka hununuliwa mara moja na kuvaliwa madarasa matatu. Fundi asiyeacha pindo hapati mteja wa pili. Vénérande alitumbukiza andazi la kwanza.

"Na kamba?"

"Kamba gani?"

"Ya barabara. Nayo uliiachia?"

Mkasi ulisimama. Godelive aliinuka, akaitoa kamba msumarini, akailaza sakafuni na kuipima upya, taratibu, kucha juu ya kucha, kama anayepima kitu cha mtu mwingine. Ilizidi kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Vidole viwili kila futi ilipokwisha, kiganja kila ncha.

"Basi barabara itakua," Vénérande alisema, na akacheka mpaka andazi likaungua. Kisha akaacha. Aligeuka kuitazama nguzo, akakitazama kigingi. "Ngoja kwanza. Kama inazidi vile, hii kigingi ilipaswa kukaa inje ya nguzo."

"Inje. Kidogo tu."

"Barza inabakia!"

Godelive aliitazama barabara. Ngazi ya Télesphore ilikuwa kifusi. Maua ya kanisa yalikuwa yamepandwa kwenye makopo. Barabara nzima ilikuwa imebaki na baraza moja tu la kuokolewa, na lilikuwa la mpimaji.

"Nikisema, batasema nini?"

"Batasema umepata kosa siku nguzo yako inangojewa," Vénérande alisema. "Lakini kivuli itabakia. Nisikudanganye, mi niko na biashara hapa."

Ijumaa kamati ilikutana mbele ya duka la Télesphore. Godelive alikuja na kamba na futi. Baada ya sala alisimama, akasema amekata kamba vibaya, ameikata kama nguo, na akaipima mbele yao.

Télesphore alitazama mahali ilipokuwa ngazi yake. Wateja siku hizi walipandia juu ya tofali.

"Mama Godelive," alisema. "Ile ngazi yangu."

"Najua, papa."

"Nilivunja mi mwenyewe."

"Niliona."

"Na nyundo ya kuazima."

Nyuma mtu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ni ajabu kosa limeonekana sasa, wakati baraza lililobaki ni lake. Vénérande aliinuka kabla ya mwenyekiti kumruhusu.

"Kosa niliona mi, hapana yeye! Ye, mungemuacha, angekatia pindo mpaka Lilongwe."

Watu walicheka, hata aliyesema. Lévi akaomba nafasi. Alieleza kwamba asubuhi hiyo kabaza mbili zenye magunia ya mkaa zilipishana mbele ya kanisa bila kugusana, jambo ambalo hajawahi kuliona.

"Tangu lini fundi anapunguza nguo na mutu ameshaivaa?" aliuliza.

Télesphore alimpigia simu Bwana Mbewe na kuweka sauti ya juu. Mhandisi aliuliza swali moja: imezidi au imepungua? Imezidi. Basi si tatizo, alisema, nafasi ya ziada itakuwa ya watembea kwa miguu. Akasema zikomo, asante ya Kichewa, na kukata.

"Sasa we, mama, unataka nini?" Télesphore aliuliza.

Godelive alikunja futi yake kidoleni mpaka mwisho.

"Nataka mujue kama kamba ni ndefu."

"Na barza?"

"Barza naitaka. Lakini tukirudisha vigingi, kesho kila mutu atakuja na kamba yake, na mvua haingojee. Muviache."

Walipiga kura kwa mikono. Vigingi vikabaki. Godelive alinyoosha wa kwake juu kama wengine. Vénérande alikalia yake yote miwili. Kabla ya sala ya kufunga, Lévi akatoa pendekezo: vijana wa kabaza wazing'oe nguzo wao wenyewe bila kupinda bati, kisha wapanue dirisha la chumba cha mbele ili cherehani ipate mwanga ndani. Hilo halikuhitaji kura. Mtu akauliza kama kamati inahitaji mpimaji mpya. Hakuna aliyejitokeza, na Godelive akabaki.

Nguzo zitang'olewa Jumatatu asubuhi. Vénérande atahamishia karai lake chini ya ukuta wa kanisa, ambako kivuli huja mchana tu. Jumanne ukuta wa chumba cha mbele utatobolewa. Vipimo vya dirisha vitachukuliwa na Télesphore.