Meneja Ataka Nimwandikie Kama Bavyaa Ameiweza Imeli

Asalaam aleikum, wasomaji. Jina langu lifichwe, nawaomba kwa Mungu, maana Mtopanga nzima wanijua, na bavyaa wangu, yaani baba wa mume wangu, wamjua zaidi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nina watoto watatu, na sikuja hapa kulalamikia mume wala mke mwenza. Nimechoka tu, jamani. Nafanya kazi ya watu wawili, na nyumbani sina wa kumwambia.

Bavyaa ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye ni karani wa siku nyingi katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, huku Changamwe. Zama za teleksi alikuwa ndiye mwenyewe. Mzigo ukikwama, huandika maneno machache tu na watu wa Dubai wameshaelewa. Mwaka jana teleksi ikaondolewa, zikaletwa kompyuta mbili, moja yake na moja yangu, kila mmoja na anwani yake ya imeli. Mimi nilipelekwa mjini kusomea. Yeye akasema hana haja, mashine ni mashine. Lo! Kumbe hajui hata pa kubonyeza ili barua iende. Meneja akanambia, "Si mnakaa nyumba moja? Mfundishe."

Nyinyi wa pwani mwajua uzito wa neno hilo. Bavyaa hazoewi. Sijapata kukaa naye mkeka mmoja, sili mbele yake, akiingia ukumbini mimi natoka. Leo nimsimamie begani nimwambie, "Siyo hapo, baba, umekosea"? Nilijaribu siku moja. Nilisimama kando ya meza, uso nimeuelekeza dirishani, nikamwambia, "Baba, labda ungebonyeza kile cha kushoto." Akasema, "Naam," na asibonyeze kitu. Sote wawili twatokwa na jasho. Tangu hapo tukawa hivi: barua zake nazichapisha kwenye karatasi, yeye aandika majibu kwa kalamu, mimi nayapiga na kuyatuma kwa jina lake. Kisha ndiyo nageukia zangu. Nikirudi nyumbani, jiko lanisubiri.

Na huko nyumbani, wallahi, utacheka ufe. Mavyaa, mama wa mume wangu, kila nikimpakulia chakula hunambia, "Mshukuru babako, mwanangu. Kazi akutafutie yeye, na kompyuta akufundishe yeye!" Bavyaa yuko barazani asikia, akohoa tu. Nami husema, "Namshukuru, mama," nikaenda kukosha vyombo. Ningesema nini?

Mwezi huu mambo yakafumuka. Mimi niko kliniki na mtoto, bavyaa akajitosa kumjibu mteja mwenyewe, kwa kubahatisha. Barua ya mteja huyo alikuwa ameletewa na meneja, na meneja kaongeza maneno yake, kwamba mtu huyu ni domokaya, azungushwe tu mpaka achoke. Bavyaa akaandika jibu zuri pale juu, maneno ya meneja yakiwa chini yake, akabonyeza-bonyeza mpaka likaenda kwa mteja. Hakujua kwamba yaliyo chini husafiri nalo. Kwenye teleksi huenda ulichokiandika basi. Mteja akayasoma yote, neno kwa neno.

Meneja ni kijana wa bara, hana habari ya salamu. Akaniita. "Mama, mimi sitaki hadithi. Huyu mzee anaweza ama hawezi? Kazi imebaki ya mtu mmoja. Akiweza, yeye ndiye wa zamani, atabaki. Asipoweza, utabaki wewe. Mwisho wa mwezi uniandikie kwa imeli, laini moja tu."

Nikamweleza mume wangu. Akaruka. "Andika aweza! Babangu atolewe kazini kwa mkono wa mke wangu? Uso wangu nitauweka wapi?" Nikamuuliza, na mimi nikiondoka, hizo barua za babake nani atazipiga na kuzituma? Alichukua kofia yake akatoka.

Ndipo nikapata akili. Nisiloweza kumwambia bavyaa usoni, nikaanza kumwandikia. Yeye yuko meza ile, mimi niko hii, namtumia imeli. Ya kwanza nilimfungulia mwenyewe, nikaiacha pale kwenye kioo nikaondoka. "Shikamoo, baba. Kuifungua barua, bonyeza mara mbili." Siku ya pili nikamwandikia, "Shikamoo, baba. Kabla hujajibu, futa yaliyo chini." Kila siku somo moja na shikamoo yake. Hakunijibu hata moja. Nasikia akibonyeza tu. Nikasema basi, natwanga maji kwenye kinu.

Leo asubuhi nimefika, yeye ameshatoka kwenda bandarini. Nafungua kompyuta, nakuta barua yake, herufi kubwa tupu kama enzi zake za teleksi:

"MARAHABA MWANANGU. NAONA UCHOVU WAKO. MIMI PIA NIMECHOKA. WEWE UNA WATOTO. MUMEO KANIAMBIA ALIYOSEMA MENEJA. MWANDIKIE SIWEZI. MAMAKO NITAMWAMBIA NIMEACHA KAZI MWENYEWE. MUMEO NIACHIE MIMI."

Nimelia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna msiba gani. Miaka yote niliyoolewa, bavyaa hajapata kunambia maneno mengi kama hayo. Nilipokwisha kujifuta machozi nikaitazama tena ile barua, moyo ukanipasuka. Ameifungua kompyuta peke yake, ameiandika anwani yangu sawasawa, ameituma, na imefika. Hakuna aliyemshika mkono. Aweza, jamani! Mzee wa watu ameweza, na barua ya kwanza aliyoniandikia ni ya kuniomba niseme hawezi.

Mwezi haujaisha. Nikiandika hawezi, nimemtii, nami nimemzulia uongo wa kumtoa kazini. Nikiandika aweza, nimesema kweli, nami na wanangu turudi kutazama mkono wa mtu. Nishaurini, ndugu zangu. Hiyo laini moja niandike nini?