Miche Aliyoifufua Roselyne

Roselyne wa kijiji cha Ekerenyo alikuwa na miche mia tatu ya parachichi, yote ameiotesha kwa mikono yake. Siku moja alipokwenda mazishini, mumewe Osoro aliimwagia mbolea ya dukani viganja kwa viganja, ati ikue upesi. Roselyne aliporudi baada ya siku nne, majani yalikuwa yameungua kingo.

"Baba Lavender, umeichoma miche yangu!"

"Ni jua hilo," akajibu Osoro.

Roselyne alichukua ndoo. Aliimwagia miche maji mengi mpaka mbolea ikaoshwa. Kisha akachota udongo mweusi chini ya miti mikongwe kando ya mto, udongo wenye vijidudu vinavyosaidia mizizi, akauloweka kwa maji na molasi, ile shira nyeusi ya miwa, akainywesha miche. Mwezi ulipokwisha, nusu yake ilichipua.

Kikundi cha wakulima kilipokuja kuitazama, Osoro alitangulia mbele. "Nilijua dawa ni udongo," akasema. Wakampigia makofi, wakamchagua awe mwalimu wao.

"Mama Lavender, tuletee chai," Osoro akamwagiza mkewe.

Roselyne aliileta. Tangu hapo, Osoro akimuuliza lolote kuhusu miche, yeye humjibu, "Si wewe ndiye mwalimu?"