Koti la Gitaa

Kila majira ya baridi mpiga gitaa hulala kwa mzee Laurean, mjini Brooklyn Center, akitoka kwenye baa hii kwenda ile na gari lililojaa kanda zake za kuuza. Kwanza huingiza gitaa, kalivika koti lake mwenyewe, kisha huingia yeye na shati tu, vidole kavibana kwapani.

“Utakufa, mwanangu.”

“Hili likipigwa baridi linapasuka, mzee. Mimi sipasuki.”

Asubuhi ya safari ya Duluth theluji ilifika magotini. Mzee akatungua koti la marehemu mkewe, ambalo hakuna aliyeligusa tangu mazishi. Kijana akalijaribu, mikono ikaishia viwikoni. Akalivua, akalivika gitaa, akavaa lake.

“Na kifungo cha shingoni ukifunge,” mzee akamwambia. “Mama hakuwahi kukiacha wazi.”