Bawa Aliloshona Mama

Juzi nilipitia Mutomo nikakuta kiwanja cha ndege kimemea miiba, mbuzi wamelala humo. Nikakumbuka mchana ule mama akishona kitambaa cha kufunika bawa la ndege ya daktari wa misheni, iliyoletwa vipande vipande kwa masanduku. Watu wa misheni walimwita kwa ajili ya mkono wake wa kusuka vikapu vya kiondo. Rangi ya kupaka kitambaa hicho ilinuka hadi kichwa kikaniuma. Nikahesabu viti vya ndege: vinne. Nasi nyumbani tulikuwa wanne.

“Mama, mimi nitakaa dirishani?”

“Wee, shika uzi,” akasema, vidole vimechoka.

Nilidhani anatushonea sisi. Kumbe ni yeye tu angeipanda baadaye, akiwa mgonjwa, viti viwili vimeng’olewa apate kulala. Sisi watatu tulibaki chini, tukitazama mshono wake ukienda.