Mikono ya Dada na Ndevu za Shemeji

Shemeji yangu ana kidevu kama videvu vya watu wengine wote, lakini kwa jinsi alivyokihudumia ungedhani ni mali ya serikali. Masharubu yalishuka pande zote mbili za mdomo yakakutana na ndevu za kidevuni, na kuzunguka hayo yote ulipita mstari mmoja mwembamba, safi, usiotoka nje hata kwa unywele. Watu wakamwita Fundi Mstari. Alikuwa fundi cherehani wa suti za wanaume. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: suti zake zilikaa mwilini. Lakini hakuna suti iliyowahi kunikera kama zile ndevu.

Kila asubuhi alisimama uani mbele ya kioo kilichotundikwa msumarini, akaunoa wembe wake wa kukunja kwenye mkanda wa ngozi, akajipaka povu, kisha akaanza kunyoa mashavu na shingo huku akizizunguka ndevu zake kama mtu anayelima pembeni mwa kaburi. Wakati huo nyumba nzima ilipaswa kunyamaza. Redio izimwe, mlango usibamizwe, asiyeweza kujizuia kukohoa akakohoe barabarani. Dada yangu, mkewe, alisimama nyuma yake na taulo. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kushika taulo.

Siku moja Dada aliuokota wembe ulipoanguka. Nilikuwepo, nimeenda kuazima ungo.

"Weka chini!" Shemeji akafoka. "Mikono hiyo ni ya kufulia mashuka. Si ya kushika kitu chenye makali."

Dada anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi. Mikono yake ni mipana, vidole vina makovu ya moto, na ni kweli aliwahi kuvunja glasi mbili wiki ya harusi yake. Glasi hizo Shemeji alizihifadhi moyoni kuliko picha za harusi. Mgeni akija, zinasimuliwa. Chai ikimwagika, zinasimuliwa. Na Dada anacheka pamoja na wageni, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Kisha kiharusi kikampiga Shemeji. Alikuwa amesimama mezani, mkasi mkononi, na upande wote wa kulia ukalala: mguu, mkono, shavu, pembe ya mdomo. Ulimi nao ukawa mzito, neno moja akalitoa kwa vipande. Hujafa hujaumbika, na mimi sikucheka. Nilijizuia hata ndevu zilipoanza kuota ovyo, zikapanda mashavuni, zikashuka shingoni, hadi Fundi Mstari akafanana na zulia la mlangoni. Yeye mwenyewe alidai kioo kigeuzwe ukutani.

Tulimletea kijiwembe cha plastiki, akakitema. Simaanishi alikikataa kwa heshima; alikitemea mate. Tukamwita kinyozi wa kona, yule mwenye picha za wanasoka ukutani na maneno mengi kuliko wateja. Akaja na mashine yake, akamnyoa Shemeji huku akitusimulia habari za ligi, na alipomaliza upande mmoja wa mstari ulikuwa shavuni na mwingine karibu uingie chini ya taya. Shemeji akajitazama, akakipiga kioo kwa mkono wa kushoto.

"Mimi nimenyoosha," kinyozi akajitetea akikusanya vitu vyake. "Nyama yenyewe ndiyo imelala."

Hakurudi tena, wala hatukumwita. Fundi anayeilaumu nyama ya mteja ana tofauti gani na mpishi anayeilaumu njaa?

Ndevu zikaota upya, na katika hali hiyo ndipo akaja dada mkubwa wa Shemeji, ambaye Dada anamwita Wifi. Wifi ana mkoba mkubwa na sauti kubwa zaidi. Tangu mdogo wake augue alikuwa amefika mara moja, akakaa kitini bila kuvua viatu. Safari hii alimshika Shemeji kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nazi sokoni.

"Ndugu yangu amekuwa kama mtu aliyeokotwa jalalani," akasema. "Wifi, hivi unamwangalia kweli?"

"Namwangalia, wifi yangu. Ni ndevu tu."

"Ndevu tu! Anayeshindwa na ndevu ataweza kumgeuza mgonjwa kitandani? Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikimkuta hivi, namchukua akakae kwangu, kwa watu wenye mikono."

Kwa watu wenye mikono! Bila shaka naye alishazisikia zile glasi. Shemeji alikuwa anaukodolea macho mgongo wa kioo. Wifi alipotoka nilimfuata Dada jikoni.

"Si amchukue hata leo," nikamwambia. "Nitamfungia mizigo mimi mwenyewe. Nitambebea na kile kioo chake."

"Acha hizo."

"Dada, mtu amekudharau maisha yako yote!"

"Nimemvumilia akiwa mzima," Dada akasema, akiendelea kumenya viazi. "Leo hawezi hata kunitukana sentensi nzima, ndiyo nimwache? Hapana. Huyu haondoki hapa. Na zaidi ya hapo haondoki akiamini kwamba mikono yangu haifai."

Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Akanijibu nikalete kiti, nikae, niinue kidevu.

Sasa, hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na wageni hawalioni: mimi, mwanamke mzima, nina nywele kidevuni. Si nyingi. Ni za urithi wa bibi, na kwa kawaida nazing'oa kimyakimya kwa kibanio. Dada akaona hapo ndipo pa kuanzia masomo. Akaunoa wembe wa Shemeji kwenye mkanda jinsi alivyomwona akiunoa miaka yote hiyo, mgongo wa wembe ukitangulia, makali yakifuata nyuma, kwenda na kurudi. Akanipaka povu. Wakati wote huo Shemeji alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, nusu ya mdomo ikicheka kwa dharau na nusu nyingine ikiwa haina habari.

"Mwenzio akinyolewa, zako tia maji, shemeji," nikamwambia. Ile nusu iliyokuwa ikicheka ikaacha.

Dada alinichanja. Alinichanja chini ya mdomo, akanichanja na karibu na sikio, ambako sina hata unywele mmoja. Nilipiga kelele majirani wakachungulia. Lakini mtu aliyezoea pasi hujifunza kwa kiganja, na polepole akagundua siri yake: wembe ukiusimamisha unachanja, ukiulaza unanyoa. Mkono mwingine uvute ngozi ikaze, wembe ufuate ndevu zinakolalia, na usibonyeze, uzito wake unatosha. Kidevu changu kilipoisha akahamia mikononi mwangu, kisha miguuni. Nilienda kazini nimeng'aa kama mtoto mchanga, nina plasta mbili usoni, na kila aliyeuliza nilimwambia nimeparuliwa na paka.

Ikafika zamu ya mwenye ndevu. Upande wa kushoto, ulio mzima, Dada aliunyoa vizuri mno hata mimi nikanyamaza. Akahamia kulia. Akaivuta ngozi ya shavu juu, ikakaza, akachora mstari kwa wembe kutoka sikioni hadi kwenye masharubu, umenyooka kama pindo la shuka la hospitali. Akaachia. Shavu likarudi lilikozoea kulala, na mstari ukashuka nalo. Yakawa yaleyale ya kinyozi, isipokuwa hatukuwa na habari za ligi.

Shemeji akaomba kioo kwa kidole. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Mi-ko-no," akasema.

Neno moja, na kati ya maneno yote ya duniani akachagua hilo. Ulimi uliokuwa ukishindwa kuomba maji uliweza kutukana bila shida. Nilitamani nimpige na brashi ya povu. Dada aliuosha wembe, akaukausha, akaukunja, na nilipomtazama usoni nikaona anakaribia kulia, nami nikapata uchungu ambao sikuwa nimeupata hata siku Shemeji alipoanguka.

Wakati wa kujaribu tena ulikuwepo, kwa kuwa ndevu za mwanamume ni kama magugu, hazihitaji kubembelezwa. Siku chache baadaye Dada alirudi kutoka kazini, hata kanga ya begani hajaiondoa, akaniita.

"Shuka la mpira," akasema.

"Shuka la mpira limefanya nini?"

"Lile lenye mpira kwenye pembe. Ukilivuta ukalipiga pasi, mezani limenyooka, ukiliinua tu linapinda. Wageni kazini wote wanakosea hapo. Unatakiwa uliache lilale kwanza, uone mkunjo wake uko wapi, ndipo ulivute. Na mimi nilimvuta kabla sijamtazama amelalaje. Nipe wanja wako."

Nilimpa kwa moyo mkunjufu. Miaka yote nilikuwa nikiomba siku moja nione jambo zuri katika nyumba ile, na nikaliona: Fundi Mstari amekaa wima kitini, shavu limetulia, na mke wake anamchora usoni kwa penseli ya wanja. Alitikisa kichwa, akanguruma. "Wa-nja! Wa-nja!"

"Tulia, shemeji," nikasema. "Umependeza. Bado hereni."

Dada alichora mstari shavu likiwa limelala, akaulinganisha na wa kushoto, akarudi nyuma kuutazama, akaufuta, akauchora tena. Povu akalipaka upande wa juu wa mstari tu, asiuguse. Kisha akaivuta ngozi. Wanja ukapinda. Ulikuwa umenyooka, na sasa ukawa na kona kama njia ya mbuzi mlimani. Dada akaufuata hivyohivyo, kona kwa kona. Baadaye aliniambia mkono wake ulikuwa unawashwa kuunyoosha na alilazimika kuukataza. Alipomaliza akaachia. Shavu likashuka taratibu, na mstari ukakaa kwa ulinganifu, kulia sawa na kushoto, masharubu katikati yake. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini ndevu hazikuwa zimepinda, na macho ya mtu yalienda kwenye ndevu kwanza.

Shemeji alipewa kioo. Hakusema "mikono". Hakusema asante vilevile. Alikirudisha kioo na kuomba chai.

Mwisho wa mwezi Wifi akaja na mkoba wake. Asubuhi hiyo Dada alikuwa amemnyoa upya. Wifi alifika mlangoni ameshaanza kusema, akamwona mdogo wake, akasahau alichokuwa anasema. Akamkaribia, akampitishia kidole shavuni, akatafuta kasoro kwa bidii zote za mtu aliyekuja safari yote hiyo kwa ajili ya kasoro.

"Nani amemnyoa?" akauliza.

Dada akafungua mdomo.

"Mi-mi," Shemeji akasema.

Kinyozi hajinyoi, seuze fundi cherehani mwenye mkono uliokufa! Nilivuta pumzi ili niseme, Dada akanikanyaga mguu.

"Wewe?" Wifi akashangaa. "Kwa mkono upi?"

Shemeji akainua wa kushoto, taratibu, akauonyesha kama anayeonyesha medali.

"Basi kama amefikia kujinyoa," Wifi akasema, na nikasikia kabisa jinsi alivyopumua, "sioni sababu ya kumhamisha. Na kwangu penyewe, mnajua, chumba kile wameshaingia wanangu." Kumbe chumba kilichokuwa kikituvizia mwezi mzima kilikuwa na watu! Akanywa chai, akavua viatu kwa mara ya kwanza, akaaga akiwa na furaha kuliko alivyokuja.

"Umemsikia?" nikamuuliza Dada jikoni. "Umemsikia lakini?"

"Nimemsikia. Amesema vile ili abaki."

"Amesema vile kwa majivuno! Angekufa kuliko kukutaja."

Dada akageuza vikombe vikauke. "Sijui," akasema. "Nitamuuliza."

Alimuuliza asubuhi iliyofuata. Nilikuwepo, nimeshika taulo. Mashavu yalikuwa yameshakamilika, na Dada alikuwa amefika shingoni, kidole kimoja chini ya taya, wembe umelazwa kwenye koromeo. Akauacha hapohapo.

"Jana ulinyolewa na nani?" akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia kama chumvi imetosha.

"Mi—" Shemeji akaanza.

Wembe haukusogea, mbele wala nyuma. Koromeo lilipanda kidogo, likaona kilichokuwa juu yake, likashuka. Shemeji akanigeuzia macho.

"Usinitazame mimi, shemeji," nikamwambia. "Mimi nashika taulo tu."

Redio ya jirani ilikuwa inaimba na hakuna aliyeomba izimwe.

"We-we," akasema.

"Kwa mikono ipi?"

Alifumba macho. Nusu ya mdomo ikahangaika peke yake, ikatafuta, ikaachia mate kidogo, ikatafuta tena, na nakiri hapo nilisahau kumdharau.

"Hi-yo," akasema. "Ya-ko."

Dada akaupangusa wembe kwenye taulo nililoshika. Akageuka ili amwambie ainue kidevu, amalizie chini yake, akakuta Shemeji ameshakiinua.