Risiti Niliyoichana Mpakani

Cherehani ya mama iko kwenye kona ya chumba, imefunikwa leso. Sipendi kuiangalia.

Tuliinunua Malaba, upande wa Uganda, kwa sababu kule bei ni nafuu. Tukirudi, mama alinipa risiti nishike. Nilikuwa nimesikia watu wakisema afisa wa forodha akiona risiti anajua mzigo ni mpya, anadai ushuru. Mama hakuniambia niichane. Niliichana mwenyewe, nikatupa vipande kwa mtaro, nikapita nikiangalia viatu vyangu. Hakuna afisa aliyetuuliza kitu.

Siku ya tatu cherehani ilianza kuruka mishono. Sindano zikawa zinavunjika moja baada ya nyingine. Mama alikuwa amepewa kazi ya sare za shule nzima. Tukaifunga kwa bodaboda, tukampelekea muuzaji, kwa vile ana duka lingine huku kwetu. Alicheka mbele ya wateja, akamwita mama bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, mashine ni nzima. Ni miguu yako haijui kukanyaga."

"Nimeshona kabla hujaota ndevu, boss."

"Basi leta risiti tuongee."

Mama alinigeukia, mkono umenyooshwa. Aliponiona uso, akaurudisha mkono.

Baadaye mawakili wa msaada wa bure walipiga hema uwanja wa chifu. Tukapanga foleni tangu asubuhi. Wakili aliyetusikiliza alikuwa dada mpole.

"Mama, hata bila risiti kuna njia. Kuna mtu alikuona ukinunua? Aandike ushahidi, na aje kortini aseme. Huyo muuzaji atajibu."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, goti langu likigusa la mama. Nikaona korti, watu wamejaa, yule mwanamume ananicheka, halafu naulizwa risiti ilienda wapi. Shuleni hata kusoma kwa sauti darasani hunitoa jasho. Nikainamisha kichwa.

Mama alingoja. Najua alingoja, kwa sababu wakili alikuwa tayari ameweka kalamu kwenye karatasi.

Kisha akasema, "Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

Sare zilipewa fundi mwingine. Mama sasa anapiga pindo kwa mkono, mlangoni, penye mwanga. Shangazi akija huuliza, "Kwani huyo muuzaji hana haya?"

"Hana," mama hujibu, macho kwenye uzi.

Na mimi huongeza, kwa sauti kabisa, "Hana haya hata kidogo."